Shangazi aliomba apigiwe honi

Leo nimesikia gari likipiga honi kwa mdomo wa binadamu.

Nisikilizeni.

Nimeona Noah mtandaoni, inang'aa, bei ya kutupwa. Muuzaji akasema yuko nayo Kamanga, anasubiri kivuko aje Mwanza, ila nitume advansi sasa hivi kwa sababu kuna mteja mwingine anaitaka.

Nilikuwa nimeshaanza kutuma. Kweli tena.

Shangazi yangu, anayeuza dagaa pale soko la Mwaloni, akanyoosha mkono: "Lete simu niongee naye."

Huyu mama hununua dagaa wa visiwani kwa simu, na halipi mpaka atikisiwe gunia asikie. Dagaa wakavu wanapiga kelele, wenye unyevu wako kimya.

Nikadhani atamfokea. Wapi! Sauti ya asali:

"Marahaba mwanangu. Pole na foleni ya kivuko. Uko ndani ya gari?"

"Ndiyo mama, nimeshika usukani."

"Haya, nipigie honi nisikie."



Halafu, jamani, simu ikiwa kwenye spika:

"Piiii! Piiii!"

Mtu mzima. Kwa mdomo wake.

Mimi nimeshajiziba uso kwa kanga. Shangazi hata hakutabasamu.

"Asante baba. Sasa washa injini."

Simu ikakatwa.

Akanirudishia, akaendelea kuchambua dagaa wake. "Hilo gari lina mafua," akasema.

Shangazi apewe maua yake!

Na nyie niambieni ukweli: injini angeiigaje?