Magunia Yaliyorudi Ziwani

Juzi nilikuwa napita kando ya ziwa pale Goma, nikasikia kipaza sauti: mataifa yameungana, njooni tusafishe ufuo. Nikacheka peke yangu njiani, kicheko cha hasira. Ndugu yangu, hiyo habari naijua tangu utotoni.

Miaka ile wakimbizi walikuwa wamejaa hadi mlangoni mwa kanisa, na sisi watoto wa mtaa wa Mapendo tulishuka ziwani kila asubuhi kuchota maji na bidoni zetu za njano. Maji yalinuka. Kipindupindu kilikuwa kinabeba watu. Ndipo wakaja wazungu na wenzao wa nchi jirani, wakasema: ninyi mukusanye takataka, sisi tutazipakia kwenye kamiyo, lori letu, tuzipeleke mbali.

Koko wangu, mama ya mama, aliwaamini. Alipita nyumba kwa nyumba, fimbo mkononi, akitoa watu waende salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi. Kila familia ilifunga gunia lake kwa kipande cha kitenge chake, ili mvivu ajulikane. Kitenge chetu kilikuwa na picha za samaki wekundu. Tulirudi tumechafuka mpaka masikioni, tukala viazi na maharage, koko akisema, "Watoto wangu, sasa mutakunywa bila woga." Lo, tulivyojiona!

Kuni zilikuwa za shida, basi wanawake wakaacha kuchemsha maji. Si koko alikuwa amewahakikishia?

Halafu upepo ukabadilika. Asubuhi moja tulikuta magunia yanaelea pale pale tunapochota, yameoza, vitenge bado vimefungwa. Koko akaingia hadi kiunoni, akashika lile la samaki wekundu. Kumbe kamiyo ilikuwa ikiyamwaga ziwani, nyuma ya mawe, mahali tusipoona. Akaenda kwa mkubwa wa mradi. Yule muzungu akainamisha macho: "Mama, ilikuwa dharura." Basi! Mwezi uliofuata wakapanda magari yao, wakaenda. Sijawasamehe mpaka leo.

Wakati huo jirani yetu alikuwa ameshazika mtoto wake wa pekee, kwa maji yale. Koko alienda kumwomba msamaha, mimi nimemshika mkono. Jirani hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, wazungu mimi sikuwajua. Niliamini wewe."

Koko aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini ile sauti yake ya kuita watu sikuisikia tena. Hiyo ndiyo waliyoondoka nayo wale wazungu.