Mhasi wa Ng'ombe na Vidonge vya Tezi Dume

Kwa miaka mingi nilihasi madume ya ng'ombe katika vijiji vya Singe na Nangara. Ukitaka maksai wa kuvuta plau, ulinifuata mimi na koleo langu. Sikuwa nakata. Nilibana mishipa tu, dume likarusha teke likaenda zake, na baada ya miezi michache korodani zilikuwa zimesinyaa zenyewe ndani ya mfuko.

Mkoa wetu ulipokuwa bado mpya nikapata saratani ya tezi dume. Daktari akanipa vidonge vya kuzuia homoni ya kiume, kwa sababu ndiyo inayoilisha saratani hiyo. Nimeze kila siku, bila kuacha. Nikameza. Jasho likawa linanitoka mchana kweupe nimekaa tu, mke wangu ananipepea kwa ungo huku ananicheka. Maumivu ya kiuno yakaisha, nikarudi shambani. Sikuwa na neno.

Mwaka wa pili, siku moja naoga, nikajishika. Jamani! Zimekuwa ndogo, laini, kama maharage yaliyolowekwa. Nikaenda kwa daktari na hasira zangu. Alinieleza bila kuzunguka: homoni ikizuiwa muda mrefu, mirija ya mbegu ndani ya korodani hunywea, panabaki nyama kama ya kovu, na kwa umri wangu huenda zisirudi. Habari hizo nilizijua kuliko yeye. Nimehasiwa, tena dawa nameza mwenyewe kwa maji.

Nikaacha kimyakimya. Kila asubuhi nilichukua kidonge mbele ya mke wangu, nikatoka nacho, nikakitupa zizini. Kumwambia niliona aibu. Ujinga mtupu, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Wiki kadhaa baadaye tumekaa barazani, akaniangalia weee, kisha akauliza, "Mzee, jasho limekwenda wapi?"

Nikamwambia yote huku nimetazama ukuta. Nilidhani atalia, au atanicheka. Hakufanya hata kimoja.

"Hizo zimeshanipa watoto saba," akasema. "Zimemaliza kazi. Wewe bado."

Akaingia ndani, akarudi na kikombe cha maji na kidonge, akasimama mbele yangu mpaka nimemeza. Halafu akanifungulisha mdomo, akakagua chini ya ulimi. Mpaka leo anakagua, na mimi namfungulia, roho yangu nyeupe.