Mgonjwa wa Mazoezi

Mtaani kwetu bondeni walimwita Filimbi. Alikuwa fundi cherehani, lakini baada ya mafuriko ya kwanza alijitwika kazi ya kutufundisha kuyakimbia maji, na filimbi haikumtoka shingoni hata akishona. Tulimtania kwamba humwita mumewe mezani kwa kuipuliza. Hakujali, alitujua midomo yetu.

Kila mwezi alipuliza, nasi tukapanda mbio hadi shuleni, mlimani. Wasiojiweza walibebwa kwa machela, na wa kwanza kufikiriwa alikuwa mama mkwe wake, mama wa mwili mkubwa na maneno yake, aliyepooza upande mmoja. Filimbi alimpenda kwa dhati, ndiyo maana hakutaka ahangaishwe. Mahali pake alilazwa wifi mtu, msichana mwepesi, akicheka na kutupungia mkono njia nzima.

Mara moja yule mama aliomba mwenyewe.

"Leo nibebeni mimi, mwanangu. Nijue inavyokuwa."

"Usijisumbue, mama," Filimbi akamjibu. "Wewe pumzika tu. Siku ikifika tutakubeba."

Heshima ya namna hiyo inanikera mpaka leo.

Siku ikafika, asubuhi, watu wakinywa chai. Filimbi akapuliza, na mtaa mzima ukapanda mlimani, wakubwa kwa wadogo. Wanaume wanne wakamlaza mama mkwe kwenye machela. Maji yalikuwa yameshaingia ndani, na penye kona ya korido ya nyumba yao, machela haipiti mpaka ilazwe ubavu. Wifi mtu siku zote akifika hapo alijishikilia kwa mikono miwili, na hakuna aliyelifikiria hilo. Mama alikuwa na mkono mmoja tu wenye nguvu. Akaanguka majini. Wakamwinua, akawaponyoka tena, na maji yakawafika kifuani. Filimbi hakukubali kumwachia. Mumewe, mtoto wa kuzaa wa yule mama, ndiye aliyembandua mkewe kwa nguvu na kumtoa nje.

Baada ya mazishi alikuja ofisa wa maafa kutupongeza. Alisema mitaa ya jirani imezika watu wengi, sisi tumepoteza mmoja tu, kwa hiyo mazoezi yamezaa matunda. Tukapiga makofi, Mungu atusamehe. Filimbi akainuka pale alipokuwa ameketi na mumewe.

"Huyo mmoja," alisema, "ndiye tuliyekuwa tunamfanyia mazoezi."