Chajeri ya Inje

Juzi nilikuwa Masisi, kwenye kibanda cha kuchaji simu, nikingoja yangu ijae. Kijana mmoja alikuwa akimlilia mwenye kibanda. Alitengeneza programu ya simu ya kuwaunganisha wafugaji wa vilimani na wanunuzi, maziwa yasiwachachie, lakini kampuni ya simu ikaikataa.

"Banasema iko muzuri, inatembea bila shida. Lakini niliitengeneza na vyombo vya kampuni ingine. Banataka vyao tu."

Mwenye kibanda akafyonya. "Ile njo roho mubaya, kaka. Muntu akisha kuwa mukubwa, anafungia benzake mulango."

Sote tukatikisa vichwa. Hapo akaingia mama mmoja mwenye kikapu cha fromaji, yaani jibini, akatoa simu pamoja na chajeri aliyoinunua Goma.

Mwenye kibanda akaigeuzageuza ile chajeri, akamrudishia kwa vidole viwili.

"Mama, chajeri ya inje hapana. Hapa tunatumia ile tunauzisha siye."

"Lakini iko nzima, Papa."

"Najua. Njo sheria ya hapa."

Anayetaka kujua kampuni kubwa huzaliwa wapi, aje Masisi kuchaji simu.