Neno Moja la Smikitho Mpiga Mbiu

Smikitho alikuwa mpiga mbiu wa Anagiro, kitongoji chetu cha pwani ya Atika, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko yeye. Umbo lake lilikuwa la kuku aliyenyeshewa, lakini akisimama juu ya lile jiwe la sokoni akafumbua kinywa, punda walisimama njiani. Mimi nilikaa naye ukuta mmoja, kazi yangu kutia nguo rangi, na nakwambia hata akimwomba mkewe chumvi mtaa mzima ulijua kwao mboga imepooza.

Mbuzi aliyepotea, mvinyo mpya, mkutano, mazishi, vyote vilipita kinywani mwake. Alijivunia jambo moja tu: hakuwahi kutangaza lisilo kweli. Wapiga mbiu wengine huko mjini walikuwa wakipewa kikombe cha mvinyo wanatangaza samaki wa juzi kuwa wa leo. Smikitho hapana. Kwanza alikwenda kumnusa samaki.

Sasa, palikuwa na jirani yetu Fainipo, mtu mnene mwenye kondoo wengi na maneno mengi. Alivuka kwenda kisiwa cha Eubea kutafuta madume ya kondoo, akakawia. Katikati ikapiga dhoruba iliyong'oa mizeituni. Bahari ilipotulia, Smikitho alikwenda majabalini kuokota kaa. Akachungulia chini, akaona mtu amelala kifudifudi kwenye mawe, mawimbi yanambembeleza, na mwilini amevaa joho lenye pindo la manjano.

Joho lile nililitia rangi mimi. Lilifumwa na Arkestrate, mke wa Fainipo, na pindo lake halikuwa na mwenzake Atika nzima, kwa sababu siku ile nilikosea dawa likatoka rangi ya kiini cha yai bovu.

Smikitho aliogopa maiti kama paka aogopavyo maji. Hakushuka. Alikimbia hadi kwenye jiwe lake, akapanda, akalia kwa sauti iliyofika hadi kwenye makaburi:

"Fainipo amekufa! Bahari imemuua Fainipo!"

Vijana waliposhuka majabalini, mwili ulikuwa umekwisha kuchukuliwa na maji. Joho tu lilibaki, limenasa kwenye mwamba. Ukaitishwa mkutano. Mwenyekiti wetu, Ktesoni, mtu wa taratibu ambaye hata kupiga chafya aliomba ruhusa ya kikao, akamwapisha Smikitho juu ya nyama ya kafara.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Joho uliliona. Nakuuliza yeye. Uso wake uliuona?"

Smikitho akatazama pembeni. Watu wote walikuwa wanamtazama, na Arkestrate alikuwa tayari amefungua nywele.

"Niliuona uso wake," akasema.

Basi tukalizika joho. Tukalifanyia kila kitu: mafuta, maombolezo, divai ya kumwagia kaburi. Arkestrate alikata nywele hadi kichwa kikawa kama shamba lililovunwa. Mimi mwenyewe nililia, ingawa nusu ya machozi yalikuwa ya lile pindo.

Siku ya karamu ya marehemu tulikuwa tumekaa pale kaburini, midomo inang'aa mafuta, mara tukasikia kondoo. Madume makubwa, pembe hivi. Nyuma yao mtu mnene, ameungua jua, anatafuna kitunguu.

"Aa, mnakula bila mimi?" akasema Fainipo. "Nani kafa?"

Mwanamke mmoja akaangusha bakuli.

"Jamani, nani kafa?"

"Wewe," akasema Ktesoni.

"Mimi?"

"Ndiyo. Tena usisogee! Kaa huko huko na kondoo wako!"

Arkestrate alisimama, mkono kichwani kwenye vile visiki vya nywele. Nilidhani atazimia. Badala yake akauliza, polepole, "Joho langu liko wapi?"

"Joho? Aa, lile." Fainipo akajikuna. "Lilikuwa linawasha, mke wangu. Kuna baharia wa Karusto, mji wa huko kisiwani, alilipenda, nikampa, naye akanipa mtungi wa mvinyo. Mvinyo mzuri, nimekubakishia."

"Nimekufumia kipupwe kizima! Nimenyoa kichwa! Kumbe nimelilia mlevi wa Karusto!"

Ungedhani mambo yataishia hapo, kwa kelele za mume na mke. Lakini kwetu mtu akizikwa, amezikwa. Haingii hekaluni, hagusi chakula cha wenzake, wala hakuna anayekaa naye benchi moja, kwa sababu ni mali ya kuzimu. Dawa ni moja tu: azaliwe upya. Wanawake wamwogeshe kama kichanga, wamfunge nepi, anyonyeshwe, kisha apewe jina.

Fainipo alipokumbushwa alicheka sana. Akatutazama mmoja mmoja. Akaacha kucheka.

"Hamfanyi hivyo," akasema. "Mimi nina mvi hadi kifuani."

Ndipo watu wote wakamgeukia Smikitho. Alikuwa amepauka kama jibini. Hakungoja kuitwa. Aliondoka pale makaburini, sisi nyuma yake kama mkia, akaenda hadi sokoni akapanda jiwe lake. Nadhani alijua kuwa ni mara ya mwisho. Akavuta pumzi, akatamka neno moja tu.

"Epseusmai!"

Akashuka.

Hapo ndipo balaa ilipoanza, maana neno hilo kwetu lina milango mingi. Ni neno la mtu aliyesema uongo. Ni neno la mtu aliyekosea. Tena ni neno la mtu aliyedanganywa na wengine. Mama akiunguza mkate hulisema, mwizi akikiri hulisema, na mkulima huliambia shamba lililoahidi ngano likatoa magugu. Kwa kawaida husumbuki, unatazama uso wa msemaji ukajua. Lakini Smikitho alikuwa amejifunika uso kwa nguo.

"Mmesikia!" akapiga kelele Fainipo, akiwa kwa mbali pamoja na kondoo wake. "Amekiri! Amesema uongo! Ushahidi wa uongo ni bure, na mazishi ya uongo ni bure. Mimi sikufa. Leteni nyama!"

"Polepole," akasema mkwe wa Smikitho. "Hakusema uongo. Amesema alikosea. Mtu akikosea kwa nia njema, mazishi ni halali. Wewe kanyonye."

"Hapana, hapana," wakasema wengine. "Amesema kadanganywa."

"Kadanganywa na nani?"

Wakafikiri. "Na joho."

Ikawa kitongoji kimegawanyika. Smikitho akiwa amesema uongo, yeye anapoteza heshima na jiwe, Fainipo yu hai. Smikitho akiwa amekosea, yeye anapona, Fainipo anafungwa nepi. Ndugu waligombana mezani. Wazee wetu walisema ukitikisa kichaka kinachonuka usiilaumu pua, nasi tulikuwa tumekitikisa kweli kweli.

Ktesoni akamwita Protarko, mwalimu wa maneno kutoka mjini, aliyekuja kwetu kupunga upepo. Alikuwa mpole, mwenye viatu vizuri. Alisimama mbele ya mkutano akatueleza vizuri sana. Alisema neno lile likisimama peke yake mara nyingi ni la mwongo, lakini likifuatwa na kitu, kwa mfano tumaini, huwa la mtu aliyelikosa tumaini lake.

"Smikitho alilifuatisha na nini?" akauliza.

"Alishuka kwenye jiwe," tukasema.

Protarko akafikiri. "Hapo," akasema, "sarufi inanyamaza."

Arkestrate akainuka upande wa wanawake, ambako hakutakiwa kusema. "Kama ni la kukosa tumaini, basi niandikieni na mimi. Epseusmai ya ujane wangu! Nilikuwa nimeanza kuuzoea."

Watu walicheka hadi Ktesoni akagonga fimbo.

"Tuache ubishi," akasema. "Neno ni lake. Smikitho, simama. Ulikusudia lipi?"

Smikitho akasimama. Kwa mara ya kwanza ilibidi tuinamishe masikio ili tumsikie.

"Sijui," akasema.

"Hujui vipi? Ni mdomo wako!"

"Sikushuka majabalini, Mwenyekiti. Niliogopa. Uso sikuuona. Lakini uliponiuliza, nikauona. Hapo hapo. Macho wazi, mchanga kwenye ndevu. Hata sasa nauona." Akamwonyesha Fainipo kwa kidole. "Namtazama yule kule anakula kitunguu, na bado nauona. Sasa huo ni uongo, au nimekosea, au nimedanganywa na macho yangu? Ningejua ningechagua neno jingine. Sikupata jingine."

Hata Fainipo aliacha kutafuna.

Ktesoni alikuwa mtu wa taratibu, na taratibu humwokoa mtu asiyejua la kufanya. Alitangaza kwamba, kwa kuwa neno limetamkwa hadharani na maana zake zote, kitongoji hakina mamlaka ya kuipunguza hata moja. Zote zitatekelezwa.

Kwa maana ya kudanganywa, ilibidi mdanganyifu ashitakiwe. Tukafukua kaburi tukalitoa joho, tukalitandika kwenye benchi la washitakiwa. Sheria inaruhusu, jiwe likimwangukia mtu hushitakiwa, kwa nini joho lisishitakiwe? Mimi nilisimama kulitetea, kwa kuwa rangi ilikuwa yangu.

"Ni joho changa," nilisema. "Lilivaliwa tu. Halikusema neno."

"Ndiyo kosa lake," akasema mshitaki. "Liliulizwa na macho ya Smikitho, likanyamaza."

Likahukumiwa kufukuzwa nchini. Tulilipakia juu ya nyumbu, tukasafiri nalo hadi mpaka wa Boiotia, tukalitupa ng'ambo kwa laana zote zinazostahili. Mchungaji mmoja wa Kiboiotia akaliokota, akalikung'uta, akalivaa. Akatupungia mkono. Lilimkaa vizuri.

Kwa maana ya uongo, Smikitho akavuliwa kazi. Jiwe akapewa mpwa wa Ktesoni, mwenye sauti ya mbu.

Ikabaki maana ya kukosea. Hiyo ilimwangukia Fainipo, naye aliikimbia. Tulimkuta zizini amejificha katikati ya madume yake, lakini kondoo hawafichi mtu kama yule. Bibi Manika, mkunga wetu, alimshika sikio.

"Twende, mwanangu. Nimewatoa wabishi zaidi yako."

Walimwogesha kwenye hori la kondoo. Walimfunga shuka zote za nyumba na bado kitambi kilichungulia. Sira, mwanamke wa Kithrakia aliyekuwa akinyonyesha wakati ule, alikaza macho ukutani akampa ziwa.

"Ukiuma," akasema, "nakurudisha kuzimu."

Fainipo hakuuma. Alilia, tena si kwa kuigiza. Machozi yaliingia masikioni. Arkestrate, aliyekuja kucheka, alijikuta anamfuta uso kwa pindo la nguo yake.

Kisha mtoto hubebwa mbio kuzunguka jiko la nyumba, na kazi hiyo ni ya baba. Baba yake Fainipo tulimzika zamani. Tukatazamana. Nani basi alimleta huyu duniani? Smikitho akasogea bila kuambiwa, akainama, akambeba.

Sijui alimbebaje. Magoti yalikuwa yanalia kama mlango. Nilikuwa karibu, nikasikia Fainipo anamnong'oneza kutoka ndani ya nepi.

"Smikitho. Uso wangu ulikuwaje?"

"Ulikuwa umetulia," akasema Smikitho, pumzi zinamwishia. "Kama mtu aliyemaliza kazi."

"Basi si wangu," akasema Fainipo. "Lakini ahsante."

Wakaanguka pamoja mlangoni pa ghala, majivu juu. Tukahesabu kwamba wamezunguka.

Baada ya hapo Smikitho alikuja kunisaidia kukoroga vyungu vya rangi. Mgongo haukunyooka tena, na sauti aliiweka mahali ambapo hakuniambia. Mkewe alisema nyumba imekuwa kimya mpaka amegundua kuwa wana panya. Watu hawakumchukia. Mbiu za yule mpwa zilikuwa hazisikiki. Tulikuwa tunakwenda mazishini tumebeba zawadi za harusi.

Siku moja ikaja amri ya kupeleka watu kwenye merikebu za vita. Jina la Fainipo likasomwa. Akasimama mbele ya mkutano, kifua mbele, mvi zinapepea.

"Siwezi kwenda," akasema. "Mimi ni mtoto. Nimezaliwa majuzi, mlinizaa wenyewe, mashahidi ni nyinyi wote. Niiteni nikibalehe."

Ktesoni akatafuta taratibu, asiione. Mwishowe akatuma watu karakanani kwangu kumwita Smikitho aje kuapa kuhusu umri wa Fainipo, kwa kuwa ndiye aliyembeba kama baba.

Smikitho alikuwa amezama mikono hadi viwikoni kwenye rangi ya zambarau. Aliwasikiliza hadi mwisho.

"Muulizeni mkunga," akasema, akaendelea kukoroga.