Shikamoo ya Getini

Kuna kitabu kimoja nikikiona mahali, hata leo, damu inanichemka. Ni kitabu chembamba, cha zamani, na wasomi wa dunia nzima wanakisifu. Mzungu anapanda mto kwa meli ndogo kwenda kituo cha biashara katikati ya Afrika, anaona mambo, anarudi kwao kusimulia. Binti yangu alikisoma alipokuwa kidato cha nne, kwenye somo la fasihi ya Kiingereza.

Jioni nilikuwa nashona nguo za watu sebuleni kwetu Mwananyamala, naye anakaa karibu na cherehani, anasoma ukurasa na kumtafsiria bibi yake. Bibi yake ni mama yangu mzazi, mtu wa Lindi, hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini hadithi haimpiti.

"Sasa hao watu wa huko mtoni," mama aliuliza siku ya pili, "mbona hawasemi?"

"Wanapiga kelele, bibi. Wanalia, wanapiga ngoma."

"Hilo nimelisikia. Nakuuliza, hawasemi? Hawasalimiani? Anayewaambia tua mzigo hapa, lete kuni pale, anawaambia kwa lugha gani?"

Binti yangu alifungua kurasa za mbele na za nyuma. "Kitabu hakijasema."

"Basi mzungu wenu huyo alikuwa kiziwi," mama alisema, akaendelea kuchagua mchele.

Tulicheka. Lakini baadaye niliyasoma maelezo aliyonakili kutoka ubaoni, nikaona mwalimu amewaandikia kwamba ukimya wa wenyeji unajenga mazingira ya kutisha, na kwamba swali la ukimya huo lazima litoke kwenye mtihani. Yaani mtu unanyimwa mdomo kwenye kitabu, halafu mjukuu wako anapewa maksi kwa kuusifu huo ukimya! Niliudhika sana, ila nilidhani ni hasira ya kitabuni tu.

Wiki hiyohiyo binti yangu alisahau nyumbani mkebe wake wa hesabu. Mama alikuwa anakwenda sokoni Tandale, na shule haiko mbali na njia hiyo, akauchukua. Mlinzi akamwita mtoto getini. Alipofika alipiga goti kidogo kama tulivyomlea, akasema, "Shikamoo bibi." Mama akaitikia, akampa mkebe, akaenda zake kutafuta nazi.

Kiranja alikuwa amesimama palepale. Kwenye shule ile Kiswahili ni marufuku kuanzia getini hadi chooni, na anayekisema anavishwa shingoni kibao cha mbao chenye maandishi ya kumtangaza kwa kosa lake. Hukivui mpaka umsikie mwenzako naye akiteleza, umvishe yeye. Atakayekutwa nacho jioni anaosha vyoo. Kwa hiyo watoto wanashinda wametegeana masikio, rafiki anamvizia rafiki, na kibao kinazunguka shule nzima.

Kwa binti yangu hakikuzunguka. Alikaa nacho siku hiyo, akaosha vyoo. Kesho yake hivyohivyo, na keshokutwa. Mimi nilijua baada ya kuona mikono inamchunika kwa dawa ya kuoshea.

"Hujasikia mtu hata mmoja akiongea Kiswahili?" nilimuuliza.

"Nawasikia wote, mama. Hata walimu. Ila nikimvisha mtu, si ndo nimekubali kwamba kumwamkia bibi ni kosa?"

Nilijivunia mtoto, na hapohapo niliogopa, kwa sababu mtihani wa taifa ulikuwa mlangoni.

Kibao kilipokwama kwake hivyo, tukaitwa shuleni, mimi na mama yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyesalimiwa. Mkuu wa shule alikuwa kijana kwangu, na kwa mama ni mtoto kabisa. Hakumpa shikamoo. Alimtakia asubuhi njema kwa Kiingereza, kisha akamwelekezea kiti kwa kalamu. Kushoto kwake alikaa mwalimu wa nidhamu, na kazi yake asubuhi hiyo, watu hawaniamini nikisimulia, ilikuwa kutafsiri. Mkuu, mzaliwa wa Temeke, anasema kwa Kiingereza. Mwalimu wa nidhamu anamgeuzia mama kwa Kiswahili. Mama anajibu kwa Kiswahili, mwalimu anamrudishia mkuu kwa Kiingereza, na mkuu anatikisa kichwa kana kwamba ndiyo kwanza anapata habari. Dar es Salaam hiihii! Nikasema nami najua Kiingereza, na Kiswahili tunakijua sote humu ndani, ya nini usumbufu? Nikajibiwa kwamba utaratibu ni utaratibu.

Mama alivumilia. Alipoulizwa anaona kosa gani kwa mjukuu wake, alijiweka sawa kitini.

"Mwambie mkuu wako," alisema, "huyu mtoto angeniamkia kwa Kizungu pale getini, mie ningembeba mpaka hospitali ya Mwananyamala. Ningejua malaria imempanda kichwani."

Mkuu alicheka. Kicheko cha tumboni, mpaka mabega yakatikisika, na mwalimu wa nidhamu alikuwa bado hajafungua mdomo.

"Kumbe unanisikia, baba," mama alimwambia kwa upole.

Kicheko kilikatika. Mkuu alijifuta midomo, akamtazama mwalimu wa nidhamu, akamngoja atafsiri hata hilo. Na yule bwana akatafsiri! Sijawahi kuona watu wazima wakijidhalilisha namna ile mchana kweupe. Kisha hukumu ikatoka, kwa Kiingereza: mtoto aombe radhi mstarini Jumatatu, mbele ya shule nzima na mbele yetu, au arudi nyumbani na mtihani akaufanyie kwingine.

Kwingine wapi, muda ule? Nilitaka kumtoa siku hiyohiyo, nikauze hata cherehani. Binti yangu ndiye aliyekataa. "Mama, nataka mtihani wangu," alisema, na machozi yalimlengalenga. "Nitasema wanachotaka."

Jumatatu tulisimama pembeni ya uwanja, mama kavaa kanga yake nzuri. Binti yangu alisogea mbele, kibao kifuani, akasema Kiingereza kilichonyooka, hakikosi hata nukta. Alisema anajutia kukiuka heshima ya shule kwa salamu isiyoruhusiwa, na kwamba hatarudia. Wenzake wakaamriwa wapige makofi, wakapiga. Muda wote huo hakututazama.

"Amesema nini?" mama aliniuliza.

Ningeweza kumdanganya, na kwa hasira niliyokuwa nayo sikutaka. "Ameomba msamaha kwa kukuamkia, mama. Amesema hatarudia."

Mistari ikavunjika na watoto wakaanza kupita mbele yetu kwenda madarasani. Binti yangu alipokaribia, bibi yake alirudi nyuma hatua, akafunika mdomo kwa ncha ya kanga, akaninong'oneza asisikike na kiranja.

"Mwambie wewe, kwa hicho Kiingereza chenu. Mwambie mjukuu wangu, mie sijakasirika."