Siku Friji ya Mjomba Iliponivua Nguo kwa Wakwe

Kwa vile mke wangu Mwikali huwasimulia hadithi hii nusu tu halafu anaanguka kwa kicheko, wacha niimalize mwenyewe nione haya mara moja yaishe: ndiyo, mimi ndiye nilisimama mbele ya wakwe zangu kule Katangi, siku ya kupeleka mbuzi wa kwanza wa posa, suruali imelowa na harufu ya mkojo imejaa kila mahali.

Wakati huo nilikuwa fundi wa friji hapa Machakos mjini, kijana mwembamba mwenye mdomo mkubwa. Mjomba wangu Musyoka alikuwa na gari la kulala, lile la kitanda, jiko na friji ndani (aliachiwa na mzungu fulani ambaye mjomba alikuwa dereva wake), na akaapa kwamba Katangi tutaenda na hilo, wakwe wajue tumetoka kwa watu. Shida ni kwamba friji ilikuwa imekufa. Mjomba akataka tuipeleke Athi River kwa fundi wa friji za gesi.

"Mjomba, friji ni friji," nikamwambia. "Niachie mimi."

Sasa, ile si kama friji ya nyumbani. Haina mota ya kunguruma. Inatumia moto mdogo wa gesi, na mgongoni iko na mtambo wa mabomba yenye amonia, huo ndio unaleta baridi. Ukiharibika, unatoa friji yote ukutani, unailaza kifudifudi, unabandua mtambo na kuweka mwingine. Nikapata mwingine kwa gari bovu, nikauweka vizuri kabisa, isipokuwa bomba moja lilikataa kuingia, kidogo tu, kama upana wa kidole. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nililisukuma na goti. Likaingia, barafu ikashika, mjomba akanipiga mgongo, na mimi nikajiona injinia.

Tukapakia soda, keki na maziwa, tukaenda. Ile barabara ya mawe ilitutikisa mpaka sahani zikaimba (mjomba naye akiimba nazo, alikuwa na raha siku hiyo, Mungu amrehemu).

Kufika, baba yake Mwikali, Mzee Nzioka, mtu mrefu asiyecheka ovyo, akataka kuona hiyo nyumba inayotembea. Akaingia na wazee wenzake wawili, wakaketi, na mimi nikafunga mlango ili vumbi lisiingie. Harufu ikaanza polepole. Nyinyi mnajua amonia inanuka nini? Inanuka choo cha stendi wakati wa jua kali. Wazee wakatazamana. Mmoja akaangalia viatu vyake, maana utamuuliza nini mgeni wa posa?

Nikaona nigawe soda haraka wasahau. Nikavuta mlango wa friji kwa nguvu, kumbe lile bomba la goti lilikuwa limepasuka njiani, amonia inavuja na barafu yote imeyeyuka, maji yakanimwagikia kuanzia kiunoni, na ile harufu ikanipiga usoni mpaka macho yakatoka machozi.

"Tokeni! Tokeni nje!" nikapiga kelele, nikawa wa kwanza kuruka.

Na nje walikuwa kina mama wote, wamejipanga kutuimbia. Wimbo ukakatika. Wakaona kijana analia, amelowa pale hasa pa aibu, na upepo ukawaletea harufu.

"Aiya!" shangazi mmoja akasema. "Maskini, ameogopa hivyo?"

"Si mimi," nikajitetea. "Ni friji!"

Wacheni tu. Walicheka mpaka mbuzi wakashtuka. Mama mkwe, mtu ambaye kwetu Ukambani hata kumtazama sana ni makosa, akaja na leso ya kujifunga, akanipa huku ameangalia kando, na hiyo leso ndiyo nilivaa mazungumzo yote. Mjomba alikuwa ameshafunga gesi na kufungua madirisha, hataki hata kunitazama. Mwikali alikuwa amejifungia jikoni, sijui analia au anacheka, na mimi nikajua posa imeisha.

Wazee wakanong'onezana kwa muda mrefu. Mwishowe Mzee Nzioka akasimama.

"Mimi naona tumpe," akasema. "Mtu anayeogopa boma langu mpaka hapo, hawezi kumpiga mtoto wangu."

Nilijaribu kumweleza habari ya amonia miaka yote aliyoishi. Alikuwa ananisikiliza vizuri, anatikisa kichwa, halafu anauliza kwa upole, "Na sasa unajisikia aje, mwanangu?" Hakuwahi kuniamini. Tulimzika mwaka juzi, na juzi nikiwa Katangi nilikaa barazani kwake nikangoja swali hilo kama mjinga.

Siku hizi mtu akiniletea friji ya gesi namwambia aende Athi River, hata anipe nini, na bomba lolote likikataa kuingia mahali pake, mimi naweka spana chini naenda kunywa chai.